Punje Mbili Kwenye Kikombe cha Bati

Mwenyekiti wa madereva wa yadi yetu pale Tunduma alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Alitaka niandike kidogo kuhusu kazi, ili vijana wanaoingia sasa wasome kwenye simu zao wakiwa foleni. Akasisitiza nisiguse habari za malipo, kwa sababu hizo wanazijua tayari na zinawaudhi. Nimekubali. Nina miaka arobaini na sita na najiita mstaafu, mkitaka kucheka chekeni. Dereva wa lori hastaafu kwa sherehe wala kwa kupewa saa ya ukutani. Anarudisha ufunguo, anashusha godoro lake na jiko la mafuta ya taa kutoka kwenye kabini, anapeana mikono na mlinzi wa geti, basi. Mimi nilishusha yangu mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, na godoro likalowana kabla sijafika stendi.

Nilizaliwa Isansa, Mbozi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa. Baba alikuwa na mibuni, na mibuni ina tabia ya kukaa mahali pamoja. Mimi sikuweza. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo tuyaache yalipo, nilichukua begi nikashuka Tunduma kuangalia magari. Nilizurura yadini wiki tatu nikiosha vioo bila kuombwa, mpaka dereva mmoja mtu wa Tabora, Mzee Kasimu, akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akasema, "Vizuri, maana mimi sijui kusoma vibao vyao vya Zambia. Utakuwa utingo wangu. Ukiiba dizeli nakushusha porini."

Siku ya kwanza sikugusa usukani. Mzee alinituma chini ya gari kabla ya chai, nilale chali kwenye tope, nivute waya mdogo ulio chini ya kila mtungi wa upepo. Mtungi wa kwanza ulipiga mluzi.

"Unasikia nini?" akaniuliza kutoka juu.

"Upepo, mzee."

"Endelea kuvuta."

Mluzi ukakohoa, kisha yakatoka maji, machafu, yenye rangi ya kutu, yakanimwagikia kifuani. Mzee Kasimu alicheka mpaka akashika bampa. Baadaye tukinywa chai alinieleza taratibu. Lori linasimama kwa nguvu ya upepo. Upepo unaovutwa kutoka nje una unyevu, na unyevu ule ukishaingia ndani unageuka maji na kutuama kwenye mitungi. Hayatoki yenyewe. Usipoyatoa kila asubuhi yanachukua nafasi ya upepo, na siku utakayokanyaga breki hakuna kitu.

"Na gari haikuambii," alisema. "Inatembea vizuri tu, inapendeza, mpaka dakika unayoihitaji."

Alinipa pia nyundo ndogo yenye mpini wa mpera, ya kugongea matairi. Tairi zima hujibu kwa sauti nzito, lililopungua hujibu kama ngoma iliyolowa. Sijui kama siku hizi mnagonga. Naona wengi mnapiga teke mnapita, kana kwamba tairi limewakosea.

Kosa kubwa la maisha yangu ya kazi tulilifanya mimi na yeye pamoja, mwaka wa pili. Tulikuwa tunatoka Dar na mzigo wa kwenda Congo, tukalala Mbeya, asubuhi tukaondoka mapema kuwahi mzani. Kwenye mteremko wa kushukia Mbalizi, Mzee alikanyaga breki, zikashika nusu. Akakanyaga tena. Nilimwona akitazama mshale wa upepo unavyoanguka. Alirudisha gia moja, injini ikalia, akarudisha nyingine, akapiga honi mfululizo, watu wakakimbia na baiskeli zao, na mwisho akaipeleka gari upande wa kushoto ikachuna ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Vumbi lilipotua nilikuwa nimeshika kifuko cha vitumbua, vyote nimevisaga.

Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulitoa maji leo?"

Nikasema, "Nilidhani umetoa wewe. Nilikuona chini ya gari."

"Nilikuwa natafuta ndala zangu," alisema. "Nilidhani umetoa wewe."

Tulivuta waya pale pale. Yalitoka maji ya kujaza ndoo. Mzee alikaa kwenye jiwe, akavua kofia yake ya kufuma, akajifuta nayo uso. Kisha akachana kipande cha shuka jekundu alilokuwa akijifunika. Toka siku hiyo, aliyetoa maji alifunga kile kitambaa kwenye usukani. Kama hakuna kitambaa, gari haiwashwi, hata kama mwenzako anaapa. Tulipopaki jioni kitambaa kilifunguliwa. Mzee aliporudi kwao Tabora moja kwa moja, aliniachia nyundo na kitambaa, na mimi nikawa dereva.

Njia niliipenda, sitawadanganya. Nilipenda Serenje wakati wa mvua, wakina mama wamepanga uyoga kando ya lami, uyoga mmoja mkubwa kama mwavuli wa mtoto. Unasimama, unawasalimia kwa Kibemba "mulishani," wanajibu "bwino," mnaanza kubishana bei kwa lugha tatu. Nilipenda Ndola, Kasumbalesa na tabu zake, Lubumbashi. Nikikaa nyumbani siku nne nilianza kuchungulia barabarani. Mke wangu, mtu wa Msangano, Mnamwanga asiyependa maneno mengi, alikuwa akiona nimeanza kuipiga piga nyundo kiganjani ananifulia nguo za safari bila kuulizwa.

Nyumbani ni kwa baba yangu hadi leo, ingawa baba amefariki. Tuko nyumba tatu kwenye uwanja mmoja: ya mama, ya mdogo wangu Baba Joni na mkewe, na yangu. Watoto wangu sita, wa mdogo wangu saba, na jiko moja kubwa katikati. Mtoto akizaliwa pale hana mwenyewe. Anabebwa na aliye karibu, analishwa na mwenye kijiko. Ndivyo nilivyolelewa na niliona ni raha. Ukisafiri unajua watoto wako wana mama watatu.

Eliza ni wa sita, wa mwisho. Alizaliwa vizuri. Niliporudi kutoka Congo alikuwa na miezi mitatu, nikamkuta mapajani kwa mama yangu, na mke wangu ameshika kofia mkononi. Ile kofia niwaeleze. Ni ya sufu ya njano, mama aliifuma kwa ajili ya mtoto wetu wa kwanza, Ezra, na watoto watano wote waliivaa mpaka wakatimiza mwaka. Mke wangu aliniwekea mkononi.

"Jaribu kumvalisha," alisema.

Nikajaribu. Ilikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa.

Mdogo wangu akacheka akasema huyu ni profesa, ubongo umemjaa. Mama akasema ni kichwa cha ukoo wetu, babu yangu alikuwa nacho. Mke wangu hakucheka. Alinionyesha macho. Mtoto alikuwa akitazama chini, mboni zimezama kwenye kope za chini, na juu yake panaonekana weupe mtupu. Nikaweka kidole kwenye utosi. Utosi wa mtoto mnaujua, unabonyea kidogo. Ule ulikuwa umekaza, kama tairi lililozidishwa upepo. Niliondoa mkono haraka. Nimeendesha bila breki kwenye mteremko, lakini hofu iliyonishika pale kwenye mkeka ilikuwa nyingine, kwa sababu hapakuwa na gia ya kurudisha.

Tulienda zahanati, tukatumwa Vwawa, Vwawa wakatutuma Mbeya. Pale Mbeya wodini nilikuta wazazi wengine wenye watoto kama wangu, wengine wamekaa nao miezi nyumbani wakipaka dawa kwenye utosi, wengine mababa wamekimbia. Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, anayeongea polepole. Alisema wengi wanaita kichwa maji, na kwamba si laana wala si kosa la mama. Kila kichwa kinatengeneza maji yake kila siku, na kwa watu wote yanapata njia ya kutoka. Kwa Eliza njia imeziba. Yanatuama, yanakandamiza ubongo. Wataweka mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani, kupita nyuma ya sikio, shingoni, mpaka tumboni, maji yashukie huko.

Mke wangu alikuwa akilia. Mimi, kwa mawazo, nilikuwa nimelala chini ya lori la Mzee Kasimu, nimeshika waya.

"Na huo mpira," nikauliza, "hauzibi?"

Daktari alinitazama. "Unaweza kuziba," alisema. "Hata kesho, hata baada ya miaka kumi. Ukiziba mtakuwa na saa chache, siku moja au mbili. Akitapika bila sababu, akilala isivyo kawaida, akilia kilio kikali, macho yakishuka tena, mnakuja. Msisubiri kuona kama atapona."

"Na kama haonyeshi kitu?"

"Ataonyesha. Lazima awepo mtu wa kuona."

Walimpasua, akapona. Kichwa kikaacha kukimbia, mwili ukaanza kukifuata. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na mstari mdogo ulioinuka, kama mshipa. Nilijifunza kuupapasa kwa kidole kila nilipombeba, asubuhi na jioni. Mdogo wangu hakurudia tena neno profesa.

Nikarudi barabarani, kwa sababu ndiko ugali ulikotoka na, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nashindwa kukaa. Lakini njia ilikuwa imebadilika. Kwenye simu niliweka mlio wa jogoo kwa namba za nyumbani, ili nijue bila kutazama. Ulikuwa uamuzi wa kijinga. Kutoka Nakonde hadi Kapiri kila kijiji kina jogoo. Kila nikisimama kununua viazi jogoo anawika nami nachomoa simu. Sehemu zisizo na mtandao nilikuwa naendesha nikijipapasa nyuma ya sikio langu mwenyewe. Mtandao ukirudi nilipiga, nao walijibu jibu lile lile: "Mtoto mzima. Amekula." Nilikuwa natulia kilometa ishirini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Eliza alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Mke wangu alikuwa amefiwa na mjomba wake, akaenda msibani Msangano siku tatu, akamwacha mtoto kwa mama yangu, kwa maana nyumba ile haikosi watu. Mimi nilikuwa nimerudi na gari tupu, niko foleni upande wa Zambia, magari kama mia mbele yangu, saa nne asubuhi, jua kali. Nilipiga nyumbani kwa ajili ya kupoteza muda tu.

Mama alipokea. Akasema mtoto mzima, amelala.

"Saa nne amelala?"

"Watoto wanalala, baba. Jana jioni alicheua kidogo, nilimpa parachichi, nadhani lilikuwa na mafuta mengi. Basi amechoka."

Nikamwomba anipe Mama Joni, mke wa mdogo wangu. Nilitaka tu kuuliza amelalia ubavu gani. Mama Joni akasema hajambo shemeji, usijali, ila leo alfajiri alitapika chai. "Ni kosa langu, ilikuwa na tangawizi. Sikumwambia mama, angenisema."

Nikasema mpe simu Foibe. Foibe ni binti wa mdogo wangu, wakati huo ana miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa akimbeba zaidi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Foibe, Eliza ametapika kwako?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Jana mchana. Uji. Nilidhani nimemlisha haraka. Nikamfuta, nikafua nguo."

"Na baba yako?"

Nikasikia anauliza, na nikasikia mdogo wangu akijibu kutoka mbali kwamba ndiyo, jana asubuhi, alimpa kipande cha muwa, akakirudisha chote, si kitu.

Mara nne, kwa watu wanne. Kila mmoja aliona mara moja, akadhani ni chakula chake, akafuta, akanyamaza. Nyumba ya watu kumi na wanane, na hakuna aliyemwona mtoto akiumwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kipande chake. Niliona mshale wa upepo ukianguka. Nilidhani umetoa wewe.

"Foibe," nikasema, "mfungue macho. Niambie yanatazama wapi."

Nilisikia miguu, mlango, kisha pumzi yake. "Chini," alisema. "Baba mkubwa, yanatazama chini. Na haamki vizuri."

Jambo dereva asilofanya ni kuacha gari kwenye foleni. Mnajua. Utapoteza nafasi, utapoteza tela, utapoteza kazi. Nyuma yangu alikuwa Chanda, dereva Mzambia tuliyezoeana miaka mingi, mtu wa utani. Nilimtupia ufunguo dirishani. Akaanza kusema kwamba Mtanzania ameona mke mpya sokoni, kisha akaniangalia usoni, akautia ufunguo mfukoni. Nikamwambia, "Mwanangu." Akasema, "Nenda. Nitazisogeza zote mbili." Na alizisogeza, kwa siku mbili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechunga ng'ombe.

Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia ambebe Eliza kwenye pikipiki mpaka barabara kuu, wasinisubiri. Mama akachukua simu akaanza kusema mtoto wa watu hatolewi kwenye usingizi kwa sababu ya parachichi, na mama yake hayupo, nani atamruhusu. Sijawahi kumpandishia mama sauti. Siku hiyo pia sikupandisha. Nilisema, "Mama, akifa leo sitakulaumu wewe wala mtu. Kwa sababu hamjui kwamba amewatapikia ninyi nyote. Mimi ndiye ninayejua sasa, na mimi niko Zambia." Kisha nikamsikia akiita kwa Kinyiha pikipiki iletwe, na khanga.

Nilivuka mpaka kwa miguu, nikapanda bodaboda, kisha gari dogo. Nilikuwa na hofu ya aina ambayo haina mawazo ndani yake. Nilihesabu nguzo za umeme. Nilijiambia nikifika nguzo ya mia atakuwa hai, nikifika nikaanza upya. Nilikutana nao Mlowo, kando ya barabara, bado wanatafuta gari. Mama yangu alikuwa amekuja mwenyewe, miaka sabini, amekaa katikati ya pikipiki na mtoto kifuani, amemfunga kwa khanga mbili. Eliza alikuwa mlegevu, uzito wote kwenye mkono wangu kama mfuko wa unga. Nilipapasa mstari nyuma ya sikio. Ulikuwepo, lakini ulikuwepo tu, haukuniambia chochote. Gari haikuambii.

Hadi Mbeya mama alikuwa akimpuliza usoni. Kwenye mteremko wa Mbalizi, ambao kutoka huku kwetu ni mlima, gari lilipanda kwa kukohoa, na nilifumba macho.

Mpira ulikuwa umeziba. Daktari yule yule alitoka baadaye akasema wamebadilisha, na kwamba tungesubiri hadi kesho yake angekuwa anatuambia maneno mengine. Alimwambia mama yangu, si mimi. Mama akauliza ni chakula gani kilichoziba. Daktari akasema si chakula, bibi, hakuna mtu aliyemlisha vibaya. Mama alikaa chini kwenye korido, akajifunika uso kwa khanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye, njia nzima, alikuwa amebeba lile parachichi.

Mke wangu alipofika kutoka msibani hakumgombeza mtu. Aliniuliza kitu kimoja: "Sasa nani ataangalia?" Nilimjibu baada ya siku tatu, tulipomrudisha mtoto nyumbani. Nilichukua kikombe cha bati kilichokuwa cha baba, nikakitundika kwenye msumari karibu na mlango wa jiko, na chini yake nikaweka kibakuli cha punje za kahawa kavu. Nikawaita wote. Nikawaambia: atakayemwona Eliza akitapika, au analala isivyo kawaida, au analia kilio kile, atie punje moja kwenye kikombe, hapo hapo, kabla ya kufuta sakafu. Asieleze kwa nini, asiulizwe alimlisha nini. Kabla ya kutia atazame ndani. Akikuta punje nyingine, hiyo yake ni ya pili, na ya pili maana yake ni Mbeya. Bila kikao. Macho yakishuka hakuna hata kuhesabu, ni Mbeya. Kukipambazuka salama, mama peke yake ndiye anayetoa punje.

Mdogo wangu alisema ni kama mnada. Mama alisema tunahesabiana kama wezi. Baada ya mwezi yeye ndiye alikuwa mkali kuliko wote. Mgeni akija kunywa chai anaonyeshwa kikombe kabla ya kiti. Mara mbili katika miaka iliyofuata zilifika punje mbili. Mara ya kwanza ilikuwa malaria. Mara ya pili ilikuwa mpira, na walifika hospitali wakati Eliza bado anaongea. Mimi nilikuwa Ndola. Nilipata habari yote yamekwisha, jogoo akawika mfukoni na mke wangu akasema, "Amepasuliwa, ameamka, anataka soda."

Kwa hiyo niliendelea kuendesha, vijana, na nilijiambia kikombe kinatosha. Kinaona kuliko mimi. Hilo lilikuwa kweli, na pia lilikuwa kisingizio.

Eliza sasa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Anatembea akiyumba kidogo, hapendi kukimbia, anahesabu kuliko Ezra alivyohesabu akiwa na umri wake. Wakimtania kichwa anawajibu kwamba chake kina bomba na vyao havina. Hilo alifundishwa na Foibe.

Mwanzoni mwa mwaka tajiri, mwenye gari, alinipigia, mzigo wa Lubumbashi, gari linanisubiri yadini. Begi lilikuwa mlangoni, nyundo iko juu yake. Ilikuwa saa nane mchana, watoto wametoka shule. Nilipita jikoni kuchukua maji na, kama kawaida, nikachungulia kikombe. Kulikuwa na punje moja.

Nikauliza nani ametia. Mama akasema si yeye. Mama Joni akasema si yeye. Nikazunguka uwanja mzima, Foibe, mke wangu, wote wakatikisa kichwa. Nikamkuta Eliza amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu, tayari.

"Ni mimi," alisema. "Nimetapika shuleni. Hakuna mtu wa nyumbani aliyeona, kwa hiyo nimetia mwenyewe."

Nilichuchumaa. Niliangalia macho yake, yalikuwa mahali pake, yananitazama. Nilipapasa nyuma ya sikio. "Kichwa kinauma?"

"Kidogo. Nimevaa kabisa, ikija ya pili tusichelewe." Akatazama begi mlangoni. Akatazama nyundo. "Baba, nikitia ya pili utakuwepo?"

Hakuuliza kwa kulaumu. Aliuliza kama utingo anayetaka kujua nani atavuta waya kesho. Miaka minne nilikuwa nimewapangia watu wote zamu ya kuona, na mimi mwenyewe sikuwa na zamu.

Nikampigia tajiri mbele yake. Nikasema atafute mtu. Akauliza hadi lini. Nikasema hadi mwisho. Akasema nipeleke ufunguo nikipata nafasi.

Tulikaa kwenye kizingiti hadi jua linazama, mimi na yeye, yeye na viatu vyake. Hakula, nami sikula. Kila alipomeza mate nilimtazama koo. Mama alikuwa akipita na kuchungulia kikombe akijifanya anatafuta chumvi. Asubuhi aliamka akaomba uji. Mama akachukua ile punje, akairudisha kwenye kibakuli pamoja na zingine, akakitundika kikombe.

Nilipopeleka ufunguo Tunduma, kijana aliyepewa gari langu aliniuliza kile kitambaa chekundu nilichomwachia juu ya kiti ni cha timu gani. Nilimwelekeza alale chini ya gari, avute waya, asikilize. Kisha nikapanda gari la kurudi Mbozi. Bado barabara inaniita, sikatai. Nikisikia lori linabadilisha gia kwenye mlima najua ni gia ya ngapi. Lakini siku hizi kila asubuhi, kabla ya chai, napita jikoni natazama ndani ya kikombe. Leo nilikuta kitupu.